Gombo la picha la Bengal linabanduka rangi: kosa ni la gundi, karatasi au mkunjo?

Kifuu #1
Wakuu, salaam. Swali kwa wanaojua magombo ya picha ya patua, wale wachoraji wanaoimba visa vya picha zao, wa Bengal Magharibi, India. Gombo lina picha 9 za kushuka chini, kisa cha Manasa mungu wa nyoka na Behula aliyesafiri na maiti ya mumewe kwenye chelezo cha migomba. Karatasi imebandikwa sari kuukuu kwa nyuma, vijiti vya mianzi juu na chini. Limetoka Naya, kile kijiji cha wachoraji huko Pingla, Paschim Medinipur. Halijatimiza miaka miwili.

Nyekundu na nyeupe zinapasuka kwa mistari ya kulala, zinabanduka kama maganda ya kitunguu. Nyeusi na manjano hazijaguswa. Muuzaji anasema ni hali ya hewa. Sasa mbona yapo magombo ya karne ya 19 yaliyokunjwa na kukunjuliwa mbele ya watu miaka nenda rudi na bado yanashika? Gundi, karatasi, au tunalikunja vibaya?

Fundi Ukwaju #2
Gundi, bila kuzunguka.

Rangi za Naya zinashikwa na ute wa bel, tunda la India lenye ganda gumu. Tunda bichi linapasuliwa, ule ute unaozunguka mbegu unatolewa, unaloweshwa, unachujwa kwa kitambaa, ndipo unachanganywa na rangi ndani ya kifuu. Ute ukizidi, rangi inakauka ngumu, inang'aa kama sukari ya kashata, haikubali kupinda. Ukipungua, rangi inakuwa vumbi na inabaki kidoleni. Hakuna kipimo cha kijiko hapa, maana bel bichi na bel iliyoanza kuiva hazina ute sawa.

Jaribio: paka ukanda wa karatasi wenye upana wa vidole viwili, uache ulale usiku kucha, asubuhi uviringishe kwenye penseli. Ukisikia mlio wa kukatika, ute umezidi. Usikiapo kimya, sugua na pamba kavu. Pamba ikichafuka, ute umepungua. Aliyechora hilo gombo hakupitia hatua hii, au alipitia na manjano tu.

Mbishi Mstaarabu #3
Kabla hatujaenda mbali: gombo haliKUNJWI, linaVIRINGISHWA. Kama mnalikunja kama kanga na kuliweka kabatini, msimtafute mchawi.

Kifuu #4
Linaviringishwa, mkuu. Kiswahili changu kimeteleza, gombo halijateleza.

Bi Tambuu #5
Fundi #2, maelezo ya ute ni sahihi ila hayajibu kwa nini rangi mbili tu. Angalieni rangi zenyewe zinavyotoka.

Manjano ni bizari iliyosagwa na kukamuliwa. Ni maji ya rangi, yanaingia ndani ya karatasi kama chai kwenye shati jeupe. Hayana mwili wa kupasuka. Nyeusi ni masizi ya kibatari, au mchele uliochomwa hadi ukawa mkaa, na kazi yake kubwa ni mstari wa kuzungushia umbo, unene wake kama unywele. Buluu ni petali za aparajita, lile ua la mmea wa kutambaa. Kijani ni majani ya fiwi. Zambarau ni tunda la nderema. Kahawia iliyoiva ni katu na chokaa, vilevile vinavyokutana ndani ya tambuu. Zote hizo, ukiacha masizi, ni majimaji.

Nyeupe ni udongo. Udongo una mwili, unakaa JUU ya karatasi. Ukipakwa mara tatu ili ufunike, umejenga ukuta, na ukuta ukiviringishwa lazima uvunjike. Kwa hiyo tatizo ni unene. Mchoraji mzuri anaacha karatasi yenyewe iwe nyeupe panapowezekana, udongo anautia kwenye macho na shanga tu.

Nyekundu ndiyo inayonitia shaka. Rangi ya asili iliyo karibu nayo pale Naya ni ile ya mbegu za mzingefuri, nayo ni ya machungwa na ni majimaji pia. Nyekundu nzito inayobanduka vipande inanuka duka.

Sokoni Leo #6
Mbona hamsemi jiwe? Nijuavyo mimi hizi picha husuguliwa kwa jiwe hadi zinateleza, halafu zinapakwa lakri. Kama hilo la Kifuu halikusuguliwa, lazima libanduke.

Nakala Moja #7
Sokoni, umechukua Puri ukaibandika Medinipur.

Unalolisema ni Pattachitra, picha za jimbo la Odisha, huko Puri, kijiji cha Raghurajpur na jirani zake. Kule turubai ni tabaka mbili za nguo kuukuu za pamba zilizogandishwa kwa uji wa kokwa za ukwaju. Kokwa zinaloweshwa hadi zivimbe, zinatwangwa, zinachemshwa kwenye chungu hadi zivute. Kisha unga wa jiwe laini jeupe unachanganywa na uji uleule, unapakwa pande zote mbili, unakauka, unasuguliwa kwa jiwe la kukwaruza na kumaliziwa kwa jiwe laini. Matokeo yanafanana na ngozi. Rangi nyingi ni za mawe na makombe: nyeupe ya kombe la baharini lililosagwa, nyekundu ya hingula, manjano ya haritala, gundi ya mti wa kaitha, mwisho lakri ya kung'arisha. Tena nyingi ni picha za kutandazwa, siyo magombo ya kuimbia. Kazi yake kongwe iko hekaluni: mungu Jagannath na nduguze wanapofichwa siku 15 baada ya kuogeshwa, picha zilizochorwa juu ya kitambaa zinashika nafasi yao.

La Bengal ni karatasi juu, kitambaa nyuma, halina jiwe wala lakri. Ukilipaka lakri utaliua siku hiyohiyo.

Na kwa kuwa ni karatasi, jibu la swali la #1 liko hapo. Karatasi na kitambaa ni ndoa ya watu wawili wenye tabia tofauti. Unyevu ukipanda, kimoja kinatanuka kuliko kingine. Ukishuka, kimoja kinavuta. Ndiyo maana wazee walitaka sari KUUKUU. Imefuliwa mara mia, imeshajivuta yote, haina wanga wa kiwandani, ni laini. Ukibandika kitambaa kipya, kikikutana na uji wa gundi kinarudi, kinaifinya karatasi, na juu ya karatasi kuna rangi. Nani atapasuka kwanza? Aliye mgumu.

Mbishi Mstaarabu #8
Kwa hiyo Odisha ni Pattachitra, t mbili, Bengal ni Patachitra, t moja, na wote neno lao moja: kitambaa na picha. Nimejifunza bure leo.

Fundi Ukwaju #9
Nakala #7, Kifuu ameshasema ni sari kuukuu. Ndoa yako imevunjika kabla ya mahari.

Nakala Moja #10
Amesema kuukuu kwa macho. Nguo ya rangi iliyopauka siyo lazima iwe kuukuu. Na hujauliza uji ulipakwa mzito kiasi gani. Uji wa unga wa ngano unatakiwa uwe kama uji wa mgonjwa, unatiririka. Ukipakwa kama ugali, nyuma inakuwa ubao.

Kurunzi #11
Mnabishana kuhusu nyenzo, hakuna aliyeuliza NI WAPI linapopasuka. Kifuu, nyufa ni nyingi juu, katikati au chini?

Sababu ya kuuliza: patua anashika gombo limeviringishwa, anafungua picha ya kwanza juu, anaimba, anaionyesha kwa kidole, anaachia ya pili. Picha za mwisho ndizo zinazokaa moyoni mwa mviringo, zimekumbatia kijiti cha mwanzi. Kijiti cha sentimita 2 kinaipinda karatasi vikali mno. Mzunguko wa nje una raha. Gombo refu lina nafuu kwa sehemu kubwa ya mwili wake. Lile la mtakatifu wa Kiislamu Gazi, lililoko British Museum, la mwaka 1800 hivi, lina picha 54 na urefu wa kama mita 13, kwa hiyo zinazobanwa ni chache tu za mwisho. La picha 9 karibu lote liko karibu na kijiti.

Kifuu #12
Picha ya 8 na ya 9 ndizo mbaya zaidi. Lakini ya 1 nayo ina nyufa kidogo, na ya 4 ina kipande cha nyekundu kilichoondoka chote kwenye sari ya Behula.

Kurunzi #13
Ya 8 na 9 ni kijiti. Ya 1 ni mkono, ndiyo inayoshikwa kila mara. Ya 4 mpeni Bi Tambuu.

Jambo jingine: rangi inatazama ndani au nje likiviringishwa? Patua anaweka ndani ili isichubuke njiani. Wahifadhi wengi wa picha za turubai wanaweka rangi NJE, juu ya bomba pana la sentimita 10 au zaidi, kwa sababu rangi ikibanwa ndani inasukumana yenyewe kwa yenyewe na kuinuka kama vigae. Ikiwa nje inavutwa. Ikipasuka, ufa ni mwembamba na rangi haiinuki.

Bi Tambuu #14
Hapo siafiki. Udongo mkavu ukivutwa ndio unaofunguka. Hiyo kanuni ni ya rangi za mafuta zenye kunyumbuka kidogo. Wachina na Wajapani wanaviringisha picha ndani kwa karne nyingi.

Kurunzi #15
Nyingi zao ni wino na maji ya rangi, Bi Tambuu, si udongo. Umesema mwenyewe kwenye #5 kwamba majimaji hayana mwili wa kupasuka.

Sokoni Leo #16
😂 Umenaswa na tambuu yako.

Mjukuu wa Gombo #17
Natoka nje kidogo ya njia. Hawa wachoraji wa Naya jina lao la ukoo ni Chitrakar, wengi wao ni Waislamu, na wanaimba habari za Rama, Krishna na Manasa. Wengine wana majina mawili, la Kihindu na la Kiislamu. Nani anajua ilikujaje? Nimeona watu wakisema walisilimu ili wakwepe kodi.

Nakala Moja #18
Hilo la kodi ni porojo za mtandaoni. Maelezo yenye mizizi ni matatu, na hayapatani.

Moja liko kwenye maandiko ya Kisanskriti ya Bengal: wachoraji wametokana na mmoja wa watoto tisa wa fundi wa miungu, Vishwakarma, wakalaaniwa na Mabrahmin kwa kuchora kinyume cha kanuni. Yaani walifukuzwa, kisha wakapata pa kuegemea kwenye Uislamu. La pili linasema walikuwa Wabuddha, dini yao ilipodidimia Bengal wakabaki katikati. La tatu ni la soko: mtu anayeimba mlango kwa mlango kwa mchele na sarafu anahitaji milango yote. Magombo ya watakatifu Satya Pir na Gazi, yule aliyepanda simbamarara, yanasikilizwa na pande zote mbili, hasa kule kwenye misitu ya Sundarbans ambako simbamarara haulizi dini.

Mjukuu wa Gombo #19
La tatu linaeleza kwa nini wamebaki hapo, halielezi walifikaje.

Kurunzi #20
Na la kwanza limeandikwa na haohao waliowafukuza. Tahadhari.

Niongeze kwamba kazi yenyewe ni ya zamani kuliko ugomvi huo. Mwandishi Bana wa karne ya 7, akieleza habari za mfalme Harsha, anamtaja mtu sokoni aliyezungukwa na watoto akionyesha picha ya Yama, mungu wa mauti, kwa fimbo. Magombo mengi ya Bengal mpaka leo yanamalizia na baraza la Yama: mwongo anakatwa ulimi, mchoyo anachemshwa. Kifuu, la kwako linalo?

Kifuu #21
Halina. Linaishia Lakhindar, mume wa Behula, anapofufuka.

Sokoni Leo #22
Na ile ya kuchora macho mwisho? Nilisoma kwamba patua hachori mboni hadi alipwe.

Nakala Moja #23
Nusu sahihi, anwani si sahihi. Hao ni Jadu patua, wanaowahudumia watu wa kabila la Wasanthal wa Jharkhand na mpakani mwa Bengal. Mtu akifa, anafika na picha ndogo ya marehemu isiyo na mboni. Anaieleza familia kwamba marehemu anatangatanga gizani. Akipewa zawadi, anatia mboni, marehemu anaona njia. Naya hawafanyi biashara hiyo.

Jambo linalofanana liko Rajasthan kwenye phad, kitambaa kirefu cha kulala, cha shujaa Pabuji kama mita 4 na nusu hadi 5, cha shujaa Devnarayan kikubwa zaidi. Pale jicho la shujaa ndilo la mwisho kuchorwa. Likiingia, kitambaa kinakuwa hekalu la kubebeka na si picha tena. Kikichakaa hakitupwi, kinazamishwa kwenye ziwa takatifu la Pushkar, wanasema "kinapozwa".

Mbishi Mstaarabu #24
Hapo ndipo panapojibu lile la #1 kuhusu magombo ya kale "yasiyopasuka". Ya kale unayoyaona ndiyo yaliyobaki. Yaliyobanduka yalizamishwa, yalitupwa, au yalichorwa upya. Ni sawa na kusema nyumba za zamani zilijengwa vizuri kwa sababu zilizosimama zimesimama.

Fundi Ukwaju #25
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Mbishi. Ila phad nayo inaviringishwa, tena usiku baada ya usiku, na haimwagi rangi kirahisi. Kwa nini? Kitambaa cha pamba kinapakwa uji wa wanga na gundi, kinaanikwa, kinasuguliwa kwa jiwe hadi nyuzi zilale. Rangi inapigwa nyembamba, moja moja kwa zamu kitambaa kizima: ya machungwa ya miili na nyuso kwanza, kisha manjano, kijani, kahawia, nyekundu, buluu, na mistari myeusi mwisho kabisa. Hakuna rangi inayorundikwa juu ya nyingine. Gazi pat (magombo ya Gazi) za Bangladesh nazo huchorwa moja kwa moja juu ya kitambaa kizito. Cheriyal kule Telangana wana pamba iliyopakwa mara tatu mchanganyiko wa wanga, udongo mweupe, uji wa kokwa za ukwaju na gundi ya mti, na magombo yao yalifika mita 12 na kuzidi. Udongo mwingi, Bi Tambuu, na hayapasuki ovyo. Kwa hiyo siyo unene. Ni kilichoushika udongo.

Bi Tambuu #26
Au ni kwamba hakuna karatasi katikati.

Nakala Moja #27
Asante, Bi Tambuu. Nimekaa na hilo tangu #7.

Kurunzi #28
Wakati mnagawana ushindi, Kifuu afanye vipimo viwili. Chukua pamba ndogo, ilowe kidogo tu kwa maji safi, gusa mahali pasipoonekana, sekunde 3. Rangi ya ute wa bel itayeyuka na kuchafua pamba. Akriliki ya dukani haitayeyuka. Gusa nyeupe na nyekundu. Usiguse buluu: maji ya aparajita yanabadilika yakikutana na kitu kichachu au chenye magadi, mate tu yanatosha kuleta doa. Bizari nayo ikigusana na chokaa inageuka nyekundu, kwa hiyo usitumie sabuni.

Pili, tafuta kipande kilichobanduka, kigeuze, utuambie nyuma yake kuna nini.

Mjukuu wa Gombo #29
Kwa wanaotaka kununua: kila Novemba Naya wanafanya maonyesho yao, POT Maya, tangu 2010, unaona rangi zikikamuliwa mbele yako. Jina la Bengal Patachitra limesajiliwa kisheria kama zao la eneo lile tangu 2018, lakini usajili hauzuii mtu kutumia kopo la dukani. Uliza rangi moja moja. Anayejibu "zote ni za asili" bila kutaja mmea, endelea na safari.

Sokoni Leo #30
Mzingefuri wa Bi Tambuu si ndio ule wa Zanzibar watalii wanapakwa midomoni?

Bi Tambuu #31
Ndio huohuo. Na neno lenyewe lina safari: kwa Kiarabu zinjafri ni ile nyekundu ya jiwe yenye zebaki, hingula ya Odisha iliyotajwa #7. Pwani jina likahamia kwenye mbegu. Mbegu haina sumu. Jiwe lina zebaki, na haritala ina aseniki, kwa hiyo wanaoiga rangi za Puri nyumbani waache tabia ya kulamba ncha ya brashi.

Fundi Ukwaju #32
Na wanaopika uji wa kubandikia wasitie mrututu bila kujua. Wafunga vitabu wa India hutia kidogo kuzuia wadudu, lakini ni sumu na kwenye picha unabadilisha rangi. Mdudu anaupenda uji wa ngano na wa ukwaju sawasawa. Fungua gombo kila miezi miwili mitatu, lipate hewa kivulini, angalia mgongoni. Hiyo inatosha.

Kifuu #33
Nimefanya. Nyeupe imeyeyuka, pamba imekuwa na maziwa. Nyekundu haikutoa kitu.

Bi Tambuu #34
Nilisema. Nyekundu ni ya duka.

Fundi Ukwaju #35
Subiri. Akriliki inanyumbuka kuliko ute wa bel, ilipaswa kuwa ya mwisho kupasuka. Mbona inabanduka sawa na nyeupe? Kifuu, kipande umekigeuza?

Kifuu #36
Nimegeuza vitatu vya nyekundu. Viwili nyuma yake ni vyeupe, unga unga.

Fundi Ukwaju #37
Basi nyekundu ilipakwa juu ya nyeupe ili ing'ae. Akriliki inapokauka inajivuta, inauvuta udongo ulioshikwa na ute mbovu, vinaondoka pamoja. Nyekundu haina hatia, imebebwa. Tumerudi kwenye gundi ya #2.

Bi Tambuu #38
Tumerudi kwenye tabaka juu ya tabaka, yaani #5.

Kurunzi #39
Umesema viwili. Cha tatu je?

Kifuu #40
Cha tatu ni kile cha picha ya 4. Nyuma yake kuna nyeupe, na nyuma ya nyeupe kuna manyoya manyoya ya karatasi. Karatasi yenyewe imechanika tabaka la juu, kitambaa kinaonekana kwa chini mahali pamoja.

Nakala Moja #41
Tafadhali, wote, rudini #7.